Mashimo ya Sindano kwenye Tafeta

Jumamosi, jioni

Nimemwambia ukweli, na hakukasirika.

Wiki nzima nimehangaika na gauni la mteja wangu Nekesa. Lilikuwa la marehemu mama yake, tafeta ya hariri halisi, naye alitaka nilipunguze aolewe nalo. Kitambaa hicho ni kikavu kama karatasi mpya na mikunjo yake husimama yenyewe, lakini kikitobolewa kimetobolewa. Nilishona kiuno vibaya, nikafumua, na mashimo ya sindano yakabaki mstari mzima. Pasi haikuyaziba. Soko zima la Gikomba nimezunguka, tafeta kama ile hakuna.

Leo alipokuja kulijaribu, nilimwonyesha mashimo kwanza, kisha mshipi niliokata kutoka kwenye mikono mirefu ya gauni aliyotaka niiondoe, ili uyafunike.

Alilivaa, akafunga mshipi. Akatembea hadi mlangoni, na kitambaa kikalia chaka-chaka kila hatua. Akasimama ghafla.

“Auntie, hiyo sauti,” akasema. “Hivyo ndivyo tulikuwa tunajua mama amerudi kutoka kanisani, hata kabla hajafungua mlango.”

Tulilia sote wawili. Kisha akakizunguka chumba tena, makusudi.