Nilipuuza B Kubwa, Mpwa Wangu Akasimamishwa Kazi

Mpendwa Bi Anab, assalamu alaikum. Nakuomba unisikilize mpaka mwisho kabla hujanilaani, kwa sababu tangu Jumatano iliyopita nimebeba jambo ambalo nimemwambia mke wangu tu.

Mimi ni fundi mkuu katika kampuni ndogo ya intaneti ya faiba hapa Garissa, naishi Galbet, nina mke na watoto watano, na kwa miaka kumi na minne hakuna aliyewahi kunikosoa kazini. Mwaka huu tulimwajiri Nimo, binti wa dada yangu Safiyo, ambaye baba yake alifariki akiwa mdogo nikamlea mimi, na kazi yake ni kujaza fomu za laini mpya. Hospitali moja ikaomba laini ya kutuma picha za skani kwa daktari bingwa Nairobi, wakaandika wanahitaji 10 MB kwa sekunde, nami nikamwambia Nimo ajaze kumi, naye, anayeniita Abti, yaani mjomba, akanitumia ujumbe: "Abti, hiyo B ni kubwa, ni megabaiti. Sisi tunauza laini kwa megabiti, na baiti moja ni biti nane. Hawa wanahitaji themanini." Bi Anab, nilikuwa juu ya nguzo, jua linanichoma, nikaona msichana wa juzi ananisomesha, nikamjibu: "Andika kumi. Usinifundishe kazi." Akaandika kumi.

Jumatano akaletwa hospitalini hapo Mama Nurto, aliyeanguka kutoka kwenye lori la mbuzi barabara ya Wajir, damu inavujia ndani ya kichwa, na yule daktari wa Nairobi akasema hawezi kuelekeza upasuaji bila kuona picha zote. Nikaitwa mbio. Muuguzi akaniuliza, "Fundi, mbona imekwama?" Haikuwa imekwama, ilikuwa inakwenda polepole. Picha zilikuwa gigabaiti tatu, nikapiga hesabu kwenye kiganja, kwa laini waliyoomba zingefika kwa dakika tano, kwa ile niliyowapa ni dakika arobaini, nikarudia hesabu jibu likawa lilelile, nikasimama pale dakika zote hizo huku mwana wa Mama Nurto akinishukuru kwa kuja haraka.

Mama Nurto yuko hai, alhamdulillahi, lakini mkono wake wa kulia hauinuki, na daktari anasema hawezi kujua kama ucheleweshaji ule ndio uliosababisha.

Kesho yake meneja wetu, Rage, akainua fomu mbele yetu sote. "Nani alijaza hii?" Jina ni la Nimo. Nikanyamaza, wallahi nikanyamaza, na Nimo akaniangalia mara moja tu, akainama. Amesimamishwa, na kikao cha kumfukuza ni Jumatatu. Nilikwenda kwao, dada yangu akanimiminia chai akaniomba nimtetee mtoto, na nilipotoka Nimo akanifuata mlangoni, akasema kwa upole kabisa, "Abti, ujumbe wako bado ninao. Sijamwonyesha mtu, hata mama. Nangoja nione utafanya nini."

Mke wangu anasema ninyamaze, nimtafutie Nimo kazi nyingine Wajir. Nifanye nini?

Abdiwahid, Galbet

Abdiwahid, waalaikum salaam. Barua yako ilifika Ijumaa, kikao Jumatatu, kwa hiyo sikungoja gazeti, nilikupigia simu. Naichapisha sasa kwa ruhusa yako, na majina yote nimeyabadilisha.

Wasomaji wajue nilichokuambia. Nilishtuka, na si kwa sababu ya biti na baiti, kwani hata wasomi huzichanganya. Wewe uliambiwa, kwa maandishi, na mtu aliye sahihi, ukamfokea. Kisha binti uliyemlea akakuachia nafasi ya kujisemea mwenyewe, na wewe unafikiria kumhamishia Wajir! Naelewa hofu ya baba mwenye watoto watano. Lakini Nimo naye ni mtoto wa watu, tena wako.

Nilikuambia uingie kwa Rage kabla ya kikao, umsomee ujumbe wa Nimo na jibu lako, neno kwa neno, bila kusingizia jua. Ulifanya hivyo, na nakupongeza. Nimo amerudi kazini, wewe umeshushwa cheo. Ni haki.

Nilikuuliza pia kama hiyo ndiyo laini ya kwanza uliyoipima hivyo. Mmekagua, mmepata mbili nyingine, moja ya kliniki ya wajawazito. Zirekebishwe wiki hii, na kila fomu yako aipitie Nimo kabla ya kutumwa. Kama hasemi na wewe zaidi ya kazi, mvumilie. Usimtume mama yake akamsihi.

Ila kuna jambo moja hujalifanya. Nimeishikilia barua hii wiki mbili nikingoja uende kwa Mama Nurto, na juzi ukaniambia unatafuta wazee wa kukutangulia kuomba radhi. Hapana. Wazee watakuja familia ikiwataka. Weka gazeti chini uende leo, baada ya alasiri, peke yako. Keti karibu naye, umwambie kwamba dakika thelathini na tano zilipotea kwa kosa lako. Halafu nyamaza, umwache yeye aseme.

Bi Anab