Kitambaa Chekundu Mguuni

Mama yangu,

Shikamoo. Mgongo umetulia? Na dada, mtoto anamwacha alale walau kidogo? Mbusu shavuni kwa niaba ya mjomba wake ambaye bado hajamwona. Mimi ni mzima wa mwili. Mengine ni aibu tupu, na nakuomba uyasome umeketi.

Jumamosi niliamka mapema nikafanya yote uliyoniagiza. Nililima matuta matatu nyuma ya jiko, nikang'oa magugu hadi kwenye ua wa jirani, nikasomba toroli nne za mbolea kavu kutoka bandani. Kisha nikapandikiza ile miche ya nyanya uliyoilea kwenye makopo dirishani, yote thelathini na sita, nikaimwagilia kwa kikombe, mche kwa mche. Dada husema mimi kitindamimba sijui hata jembe linashikwa upande gani. Siku hiyo angenyamaza.

Saa tisa niliingia kuoga, nikajinyoosha kitandani kidogo. Usingizi ukanichukua jumla. Nilipotoka, tuta la nyanya lilikuwa limechakurwa lote, miche imenyofolewa, mingine imeliwa hadi shina.

Shoga yako Mama Vifungo alikuwa upande wake wa ua, anaanua nguo za wateja. Aliposikia kelele zangu alikuja mbio, sindano bado imechomekwa kwenye blauzi. Kuku wake mmoja, mwenye kitambaa cha bluu mguuni, alikuwa anadonoadonoa karibu na tundu la ua. Nikamnyooshea kidole.

"Muulize huyo wako," nikamwambia.

Hakubisha. Alinipa pole, akapiga magoti na sketi yake ya kazini, tukapandikiza iliyobaki. Ilikuwa kumi na mmoja. Akaziba tundu kwa bati lake mwenyewe. Jioni akarudi na yule kuku amefungwa miguu, akasema nimpokee, awe fidia yako, maana anajua ulivyohangaika na miche hiyo. Nikampokea, mama. Kwa mikono miwili, na asante juu.

Sasa nikwambie ukweli. Nilipotoka chumbani, juu ya tuta niliwakuta kuku wetu, wote sita, na vitambaa vyao vyekundu miguuni, vilevile alivyotukatia Mama Vifungo kwenye mabaki ya cherehani ili kuku wa nyumba mbili wasichanganyike. Mlango wa banda niliuacha wazi mimi, nilipotoa toroli ya mwisho. Uliniambia mara tatu nifunge kamba kwanza. Niliwaswaga ndani, nikafunga, ndipo nikapiga kelele. Nilipiga kelele ili nisikike.

Wala sikuogopa hasira zako. Niliogopa dada atanicheka, basi.

Yule kuku wa bluu alikuwa anaatamia. Alitoka kunywa maji tu. Hilo sikulijua hadi jana nilipokwenda kumwaga magugu kwenye shimo la taka tunalochangia na Mama Vifungo, nikaona mayai tisa yametupwa humo. Mama Vifungo hajasema neno kuhusu mayai. Ameniuliza tu, mara mbili, utarudi lini, kwa sababu anataka kukuomba radhi uso kwa uso. Anaogopa urafiki wenu usije ukavunjika kwa ajili ya kuku. Nimeshindwa kumtazama.

Na kuku mwenyewe amejikunyata kwenye kona ya banda letu, kwenye udongo mtupu, mabawa ameyatandaza. Nikipeleka mkono ananidonoa, kana kwamba bado kuna kitu chini yake.

Msalimie dada, mwambie sasa ana ruhusa ya kucheka. Bahasha sijaifunga bado. Kuku nimembana kwapani, naandika kwa mkono mmoja, ndiyo maana mwandiko umepinda. Navuka kwa Mama Vifungo nimwambie kama nilivyokuandikia, bila kupunguza. Nisipoweza, nitaichana barua hii.

Kwa hiyo ikikufikia, mama, ujue nimesema.

Mwanao,
Kitindamimba