Kiungo Ulichokiruka

Kwako Baba Furaha, huko uliko,

Leo sikuja kulia. Nimekuja kukuuliza.

Unakumbuka ulipokuwa unasoma Kiingereza kanisani, hapa kambini Nakivale? Kila jioni ulirudi na msemo mmoja wa Waingereza wenye kiungo cha mwili. Mimi nanawa miguu baada ya shamba, wewe unakaa karibu, unashika kiungo changu na kunieleza. Ulianza chini. Mtu mwenye miguu baridi, ulisema, ni mtu aliyeingiwa na woga dakika ya mwisho. Kumvuta mtu mguu ni kumtania. Nikakwambia watu hawa nawashuku, mbona wanaukata mwili kama wako buchani? Ulicheka. Kumpa mtu bega baridi ni kumpuuza makusudi. Na mtu akiitwa maumivu ya shingo, basi ni msumbufu. Hapo nilikutazama vizuri, maana ulikuwa umeishika yangu.

Lakini kutoka begani uliruka moja kwa moja hadi shingoni.

"Na mukono?" nikauliza.

"Mukono iko na mambo mingi, Mama Furaha. Tutafika."

Ukatazama pembeni. Hatukufika mpaka tukakuzika.

Unanijua, kitu kikinikaa moyoni hakitoki. Mwaka huohuo ulianza kulala mjini Mbarara kila Jumamosi ukipeleka maharage, eti kwa rafiki. Rafiki gani asiye na jina? Halafu mbuzi wetu mweusi mwenye sikio lililopasuka akapotea, ukasema amebebwa na wezi wa upande wa Endiinzi. Mimi nilimshuku jirani, na tukanuniana.

Baada ya mazishi nikajiunga na darasa lilelile. Mwalimu hajamaliza salamu, nikamuuliza habari za mkono. Akasema mwanamume akiomba mkono wa mwanamke, maana yake ameomba kumuoa. Wenzangu walicheka. Wewe hukuniomba kwa mtu yeyote. Mwaka wa tisini na sita tulikimbia Kivu ya Kusini pamoja, wazazi wangu wamekwisha kufa, na tulipofika huku tukaandikishwa mume na mke kwa kuwa tulikuwa tunapikia sufuria moja. Kwa hiyo nikajiambia, kuna mkono mwingine aliouomba, na mkono huo uko Mbarara.

Nilipanda gari lilelile la maharage, dereva akanionyesha mlango wa nyumba uliyokuwa unalala. Akafungua mwanamke aliyevaa kitenge kipya. Nyuma yake, uani, mbuzi wetu mwenye sikio lililopasuka anakula maganda ya matoke! Nilikuwa nimeshafungua mdomo nimtukane, ndipo sauti ikauliza kutoka ndani, "Ni nani?" Akatoka mjomba wangu, kaka yake mama, yule niliyeambiwa alifia njiani tulipokimbia.

"Alinikuta soko ya maharage, kisha akakuya kukuposa," aliniambia tulipomaliza kulia. "Mbuzi ya kwanza ya mahari njo ile. Mimi njo nilimukataza kukuambia. Nilisema amalize kwanza, kisha nikuye kule mimi mwenyewe kubabariki. Ugonjwa ikamubeba mbele ya kumaliza."

Sikumwamini upesi. Nilimwita mkewe jikoni nikamhoji peke yake, na hadithi zao zikalingana mpaka rangi ya shati ulilovaa siku ya kwanza. Hapo nikaamini, na nikakasirika. Bado nimekasirika. Miezi yote ile mjomba wangu anapumua, wewe unakula mezani kwake, na mimi nadhani sina ndugu duniani. Ungenipa hata neno moja. Jirani naye ameshasikia habari za mbuzi. Anasema mapenzi yako yamemchafulia jina.

Lakini mjomba alinikalisha mkekani, akaniuliza swali wanaloulizwa wasichana wenye kwao.

"Na weye, unamukubali?"

Miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kuniuliza. Nilimwambia jibu si lake, ni lako wewe.

Basi, ni jioni. Nimenawa miguu, na pale ulipokuwa unakaa sijaweka kitu. Sijui watu wa huko wanasikia kwa kiungo gani, lakini mkono huu hapa. Nimekubali.

Mke wako