Vibandiko Vyekundu

Alhamisi, 5 Juni

Miavuli sita kwa bei ya miwili! Mama watoto kaipokea mlangoni, kaiangalia mmoja mmoja, kisha kaniuliza kama nimeoa wake wengine watano. Nikamwambia mvua haipigi hodi.

Kosa si langu. Ni la ratiba. Mimi fundi wa friji, na zamu yangu kwenye lile duka kubwa ni Alhamisi asubuhi — saa ileile wanapobandika vibandiko vyekundu vya punguzo. Nimelala chini ya friji ya maziwa, spana mkononi, mara nasikia kimashine chao: tak, tak, tak. Mtu mwenye damu mwilini afanyeje?

Jumatatu, 9 Juni

Mama anatoka hospitali Jumamosi. Nyonga inaunga vizuri, ila mguu usikunjwe. Anakuja kukaa kwetu, moja kwa moja. Kasema mwenyewe mbele yetu sote.

Kaka mkubwa hakupenda. Akae chumba gani, kauliza, kile nilichokijaza vitu vya punguzo? Atapita Ijumaa kukikagua. Akikuta katoni hata moja, Mama anakwenda kwake, ghorofa ya tatu bila lifti, ambako jua ataliona kwa miadi. Halafu akamalizia: sikio la kufa halisikii dawa.

Kukaguliwa! Na kipara hiki!

Jumatano, 11 Juni

Tumefungua chumba. Mlango uligoma, nikausukuma kwa bega. Ndoo zenye mifuniko, tisa. Pasi nne, mbili zinapata moto. Mablanketi bado yamo kwenye nailoni. Saa ya ukutani inayokwenda vizuri ikilazwa chali.

Mama watoto kashauri tuwagawie majirani. Kwa upole, kama anayemwachisha mtoto kunyonya. Nimekataa. Nani kasema havitumiki? Siku yao haijafika tu. Mimi mwenyewe nilichelewa kuoa, na hakuna aliyenigawa kwa majirani.

Alhamisi, 12 Juni

Niliapa sinunui kitu. Nikaziba masikio kwa pamba — pamba kweli! Sikusikia hata tak moja.

Halafu nikaona.

Viti vya plastiki vya kuogea. Ukinunua vitatu, cha nne bure. Lakini hivi si vyangu, ni vya Mama! Hii ni huduma kwa mgonjwa. Mama watoto kauliza Mama ana makalio mangapi. Mtu akiishiwa hoja huanza vichekesho.

Ijumaa, 13 Juni

Kaka kaja saa tisa kamili. Kafungua kabati. Kainama hadi uvunguni, mzee mzima, kapapasa sakafu. Hakuna kitu! Kitanda, meza ya dawa, dirisha wazi. Kaniangalia kama mtu aliyeibiwa. Haya, Bwana Bei Chee, kasema, umenishinda. Kesho kamlete.

Mama watoto kanishika mkono mbele ya shemeji yake. Sikumbuki mara ya mwisho. Hakuuliza vitu nimevipeleka wapi, nami sikusema. Nani anaukagua ushindi?

Jumamosi, 14 Juni

Naandika nimekalia ndoo, nje ya lango la hospitali. Nimeomba dakika moja ya kufikiri. Wanadhani naandika orodha.

Vitu vyote vimo kwenye gari langu la kazi. Gari lilelile tuliloahidi kulitandika godoro, Mama alale mguu umenyooka! Nilikumbuka pa kuvitia vitu, nikasahau pa kumtia mama yangu. Nimefungua mlango wa nyuma, miavuli ikashuka yenyewe, kama imekuja kumlaki.

Mama yuko kwenye kiti cha magurudumu, muuguzi nyuma yake. Kaka ameshalaza kiti cha mbele cha gari lake. Hacheki, na hilo ndilo linaloniuma. Kasema tu, Mama, huku pako tayari. Mama kamjibu, subiri, mdogo wako anapanga. Muuguzi katupa robo saa, kiti kinatakiwa wodini.

Mambo ni mawili. Godoro likiingia, vitu vinabaki hapa langoni. Vitu vikibaki ndani, Mama anapanda gari la Kaka kwenda kwake — na akishapanda zile ngazi kwa nyonga ile, nani atamshusha?

Nimeshusha nusu. Watu wamekusanyika, wanadhani ni mnada. Mlinzi wa lango kashika blanketi, kauliza bei. Mama watoto kasema taja, baba, taja yoyote, viende.

Haviuzwi!

Ni mdomo wangu huo. Kwa sauti, hadi wodini. Mama kageuza uso.

Mlinzi hajaliachia blanketi. Kauliza tena, sasa kwa adabu: basi mzee, hata kama ni kwa ajili ya bibi pale?

Kaka kashika mlango wa gari lake, wazi. Mama kanigeukia tena. Ananitazama, naye anasubiri jibu.