Sentimita Kumi za Meza ya Baba

Jumatatu, tarehe 12 Mei

Kwako mshauri ninayekuamini ingawa hatujuani,

Nimejiahidi kukueleza yote bila kuficha, hata sehemu zinazoniaibisha, kwa hiyo naomba unisome hadi mwisho.

Baba yangu ni seremala, na miaka yote karakana yake ilikuwa mahali pa mimi kupeleka chai na kuondoka, lakini mwaka huu ameamua kujitengenezea mashine ya kukata mbao inayoongozwa na kompyuta, yaani meza kubwa ya chuma yenye daraja juu yake, na kwenye daraja hilo kuna mota yenye kisu kinachotembea na kuchonga chochote ulichokichora, na kwa kuwa napata alama nzuri za hisabati akaniita tuipange pamoja. Alisema ikikamilika nitaiongoza mimi. Sijawahi kutaka kitu kama ninavyokitaka hiki.

Tulilaza ubao mzima sakafuni, upana wake sentimita 122, tukaweka boksi la viatu kila upande mahali ambapo miguu ya daraja itapita, kwa sababu meza lazima iwe pana kuliko ubao, la sivyo kisu hakifiki ukingoni. Baba akapima, mimi nikaandika. Sasa, mshauri, futi ya baba ilikatwa na msumeno zamani, haina sentimita kumi za mwanzo, na kila anayefanya kazi pale anajua kwamba ukishasoma namba unatoa kumi. Baba alisoma, akatoa kumi kichwani kama alivyozoea, akataja 182. Mimi nami, kama nilivyofundishwa, nikatoa kumi, nikaandika 172.

Jana nilipiga magoti nikarudia kwa rula yangu ya shule, maana alama za chaki tulizochora sakafuni bado zipo, nikapata 182 mara nne. Tukiijenga kama nilivyoandika, kila ubao utabaki na ukanda ambao kisu hakiugusi.

Shida ni kwamba mchoro umeshabandikwa ukutani, na baba humwonyesha kila mteja, hata aliyekuja kuulizia stuli tu, akimwambia kwamba binti yake hakosei. Na mama, ambaye hupita karakanani na beseni la nguo kwenda kuanika uani, aliuliza njia itabaki kiasi gani kati ya meza na lile rundo la vipande vya mbao ambavyo baba hatupi kwa sababu vitafaa siku moja. Mimi ndiye niliyemjibu kuwa ni sentimita sitini.

"Sitini napita," mama akamwambia baba. "Ikipungua, baba watoto, utachagua: meza au nguo safi."

Namba sahihi inabakiza hamsini.

Fundi wa kuchomelea anakuja Jumamosi kukata mabomba ya chuma ya meza. Nimemwombea mafua madogo, yasiyomuumiza sana, na hilo pia naungama. Mchoro ni wa penseli, na kifutio ninacho. Nikifuta 172 nikaandika 182 bila kumwambia mtu, nitakuwa nimerekebisha au nimedanganya? Tafadhali nijibu kabla ya Jumamosi.

Mwanafunzi, binti wa seremala

JIBU

Binti yangu, nimekutanguliza mbele ya wengine walioniandikia, bwana harusi aliyetoroka na mke aliyemfungia mumewe nje, kwa sababu hao wanaweza kusubiri, lakini bomba likishakatwa fupi halirefuki.

Utakuwa umedanganya. Namba itakuwa sahihi, lakini mama yako ataigundua akiwa na beseni la nguo mbichi mikononi, na siku hiyo hakuna atakayekusikiliza. Na mwache fundi wa watu na afya yake.

Kosa lenyewe mmeligawana. Baba katoa kumi, mtoto katoa kumi, na hakuna aliyefungua kinywa kuuliza mwenzake katoa nini. Mtu mzima mwenye karakana anapimaje mashine ya kompyuta kwa futi isiyo na kichwa? Anunue nyingine leo.

Halafu hilo rundo. Umelipima kana kwamba ni ukuta. Si ukuta, ni vipande vya mbao. Ninalijua rundo la namna hiyo, mume wangu analo la redio mbovu, na hakuna aliyelisogeza hadi nilipolisogeza mwenyewe. Lisogezeni sentimita kumi, mama apate sitini zake, na umwonyeshe kwa rula.

Unaogopa baba akijua umekosea hatakupa mashine. Mimi ningekupa. Mashine hiyo itakata chochote itakachoambiwa bila kuuliza, kwa hiyo inahitaji mtu wa kupiga magoti na kupima mara nne.

Ukurasa huu unatoka Ijumaa, na gazeti moja husomwa na nyumba nzima. Huenda baba yako anakutazama sasa hivi juu ya kikombe chake. Usingoje akuulize. Simama, mwambie: "Baba, nimekosea sentimita kumi, na chuma bado hakijakatwa." Kisha mwache ahesabu.