Mtoto Mwenye Ndoo Amejua Kusimama

Kibondo, 14 Juni

Mama yangu mpendwa,

Mwakeye, Mama. Makofi ya salamu nimeyapiga hapa mezani kabla ya kushika kalamu, ingawa hukuyasikia. Mguu unaendeleaje? Maharage mmeshayapura? Mimi ni mzima. Tangu tumzike Deo nimerudi kwenye cherehani, nashona sare za shule. Kitanda cha mdogo wangu bado sijakitandua.

Nakuandikia kuhusu kompyuta yake. Unakumbuka Krismasi alivyokuonyesha mchezo aliokuwa akijifunza kuutengeneza: mtoto mwenye ndoo anakwenda kisimani, na njiani yupo mama wa kitenge cha kijani. Alisema yule mama ni wewe. Akabonyeza kitufe chenye mshale, mtoto akaenda, akakupita, akatokomea pembeni mwa kioo.

Ukasema, "Deo, huyu kalelewa na nani? Anampita mama yake bila hata kofi moja!"

Akacheka. "Mama, kutembea ndiyo kwanza amejua. Kusimama nitamfundisha."

Hakuwahi.

Baada ya msiba nilimwomba Nuhu, rafiki yake wa duka la kuchapa, anifungulie mchezo huo. Kati ya maandishi nisiyoyaelewa nikakuta mstari wa Kiswahili, wa Deo mwenyewe: "Hapa asimame, ampigie Mama makofi." Chini yake palikuwa patupu. Nuhu alitoka nje, akaniacha nilie.

Nikamwambia nataka kupajaza mimi. Kila nikifunga kazi nakwenda ananifundisha. Mara ya kwanza niliandika kusimama mahali pa kubonyeza, mtoto akagoma kabisa kutoka nyumbani.

Nuhu akacheka. "Dada Editha, kidole kikibonyeza, aende. Kikiinuka, asimame. Deo aliandika la kwanza tu."

"Kwani hawezi kujua mwenyewe kwamba kidole kimeinuka?"

"Ajuaje? Huyu si mtoto wa kijijini kwenu Titye, hana aibu. Mwambie kila kitu."

Jana nilimwambia. Nilibonyeza mshale, akaja na ndoo yake. Alipokukaribia nikainua kidole, na kweli, Mama, akasimama. Akatua ndoo, akainama, akapiga makofi. Mikono ile Deo alikuwa ameshaichora, ilikuwa inangoja tu.

Nuhu akasema, "Haya, mpeleke kisimani."

Nilishindwa, Mama. Kidole kilikuwa juu ya mshale na sikuweza kubonyeza. Tulizima kompyuta akiwa bado ameinama mbele yako.

Nitakuja nayo siku ya kumaliza msiba. Utambonyezea mshale wewe, ukiona amekusalimia vya kutosha.

Agnesi anayekusomea barua hii nampenda sana, asome polepole. Nisalimie baba mdogo aliyesimamia kuchimba kaburi, na shangazi aliyelala nawe siku zote zile.

Mkienda kung'oa majani kaburini kwa Deo, nitajeni na mimi.

Mwanao,
Editha