Neno Ambalo Baba Mkubwa Hakulisema

Mpendwa mshauri, kabla hujafika mstari wa pili nakusihi, barua hii usimsomee mtu, usimdokezee hata mumeo, na ukiichapa gazetini usitaje gati ninalofanyia kazi, kwa sababu kisiwa chetu cha Savai'i ni kidogo, mtu akipiga chafya Fagamalo watu wa Palauli wanamwombea afya, na mimi nikijulikana nimekwisha.

Naomba msaada. Mimi ni karani wa tiketi na mizigo ya feri, nilimaliza sekondari nikiwa wa kwanza darasani na tangu siku hiyo sijafanya mtihani mwingine wowote. Naishi kwa baba yangu mkubwa, Tagaloasa, ambaye ndiye matai wetu, mkuu wa ukoo, na bila neno lake kijana wa nyumba yetu haondoki kwenda popote. Si mkali, ila kimya chake ni kizito, akikohoa hata kuku wanatoka uani. Kila jioni, baragumu la sala likishapigwa na sala ikishaisha, nampelekea magimbi na samaki wake, nakaa kando namfukuzia nzi kwa upepeo, akishiba nampa bakuli la maji anawe, ndipo nami naenda nyuma kula na wenzangu.

Sasa bosi wangu, Mama Sinapati, aliniita akaniambia, "Kijana, utakata tiketi mpaka lini? Chuo cha mabaharia kule Apia, ng'ambo ya maji, kinapokea watu. Nimewaambia ninaye mmoja anayesoma ramani ya bahari kama wenzake wanavyosoma matokeo ya raga. Nafasi yako ipo. Kaongee na matai wako."

Nikasema nitaongea, na kwa kweli nilikusudia, maneno niliyapanga njia nzima nikiwa nyuma ya gari la mizigo, lakini jioni baba mkubwa aliponawa na kujifuta akanitazama, akauliza, "Una neno, mwanangu?" nami nikajibu, "Hapana, baba, nangoja bakuli." Kesho yake ikawa vilevile, na kesho kutwa, mpaka Mama Sinapati akaniuliza mbele ya ofisi nzima, "Enhe, mzee amesemaje?" na mshauri, sijui jibu lilitoka wapi, nilisikia tu mdomo wangu ukisema, "Amekataa."

Basi nikawa mtu wa kuhurumiwa. Pouli, mpakia mizigo, alinipiga bega akasema, "Pole, ndugu yangu. Wazee hawa wanataka tuwapepee mpaka tuote mvi sisi!" Wakacheka, wakaninunulia maandazi, na nakiri kwamba yale maandazi yalikuwa matamu na moyo wangu ulitulia kuliko nilivyotarajia, kama mtu aliyesamehewa deni.

Kumbe Mama Sinapati hakutulia. Leo asubuhi ameniambia, "Nimeshaongea na kaka yangu, msemaji wa kijiji chetu. Jumamosi tunakuja kwenu na mizizi ya 'ava. Tutaketi mbele ya mzee, tumwombe alegeze neno lake." Nikamwambia asijisumbue. Akasema, "Nyamaza wewe, hii ni kazi ya wakubwa."

Unajua mwenyewe maana yake. Mgeni aliyekuja na 'ava, mizizi ya kinywaji cha heshima, harudishwi mlangoni. Wakuu wote wa ukoo wataitwa waketi kila mmoja kwenye nguzo yake ya heshima ndani ya nyumba, mimi nitakuwa nyuma nikihudumia bila ruhusa ya kufungua kinywa, msemaji atasimama na fimbo yake amwombe baba mkubwa alegeze neno, naye atauliza mbele ya watu wote, "Neno lipi?" Atakuwa amesingiziwa katika nyumba yake mwenyewe, na Mama Sinapati atakuwa amefanywa mjinga mbele ya kaka yake, yote kwa ajili yangu.

Nimefikiria kusema baba mkubwa anaumwa, lakini kanisani watamwona anaimba. Nimefikiria kusema kasafiri kwenda Auckland, nimefikiria kuacha kazi, nimefikiria hata kuomba bahari ichafuke feri isitembee, ingawa Mama Sinapati anakaa kisiwa hikihiki na haihitaji. Tafadhali niambie katika haya lipi lina dhambi ndogo.

Usinipigie ofisini, anayepokea ni yeye, wala nyumbani, simu yetu hupokelewa na yeyote aliye karibu nayo. Ukitaka kunipata, mwachie neno mama anayeuza maandazi kando ya dirisha la tiketi, mwambie ni la yule kijana anayekula akitazama bahari. Atajua.

Wako,
Niliye Nyuma ya Nguzo

MAMA LAGI ANAJIBU

Mwanangu, pole. Najua kile kimya cha wazee, nami nimekaa kando yake na upepeo mkononi. Pole yangu inaishia hapo, kwa sababu maandazi ya huruma umeshakula ya kutosha.

Umeniomba nikuchagulie uongo. Sina hata mmoja. Kila ulioutaja unakupeleka Jumamosi ukiwa na mzigo zaidi.

Soma tena barua yako. Baba yako mkubwa amekukataza wapi? Mila imekukataza wapi? Mzee kakuuliza kwa kinywa chake, "Una neno, mwanangu?" Mlango ulikuwa wazi, wewe ukaufunga, kisha ukaenda ofisini kumtangaza kuwa ndiye aliyeufunga. Umemvika mzee wa watu ukatili ambao hana, na ofisi nzima sasa inamwona hivyo.

Tena huogopi akatae. Akikataa una raha, utapepea nzi na watu watakuonea huruma mpaka uzeeni. Unaogopa akubali. Akikubali itabidi upande feri badala ya kukatia wengine tiketi, uketi kwenye mtihani, na huenda usiwe wa kwanza. Mwenyewe umeandika kwamba tangu ule wa sekondari hujafanya mwingine, ukapita haraka kama mtu anayeruka dimbwi. Mimi nimesimama kwenye dimbwi hilo.

Mficha uchi hazai. Jioni ya leo, sala ikiisha, mpelekee mzee chakula kama kawaida. Mpe bakuli. Akinawa, usilipokee haraka na usiinuke. Inamisha kichwa, useme, "Baba, ninalo neno." Anza na kosa, usianze na chuo. Mwambie ulisema amekataa wakati hukumwuliza. Akinyamaza, nyamaza naye, usikimbilie kuosha bakuli. Akikukemea, kubali. Ndipo umwombe ruhusa ya kwenda Apia.

Kesho asubuhi mwendee Mama Sinapati, umwambie yote kabla Pouli hajafika. Atakupigia kelele, na ana haki. Ukimaliza, mwambie Pouli pia, maana yeye ndiye mwenye kinywa kipana, na jina la mzee lisafishwe palepale lilipochafuliwa. Wageni wakiamua kuja Jumamosi, waje. Watamwomba mzee jambo ambalo analijua tayari, na hakuna atakayeaibika.

Anaweza kukataa kweli. Hilo litakuwa neno lake, na neno la mtu aliye hai huombewa, hulainishwa, hurudiwa mwaka ujao. Ulilolitunga wewe halilainiki, kwa sababu hakuna wa kumwomba.

Na akikubali, nenda. Ukishindwa kule, utarudi ukiwa umeshindwa mtihani, basi. Watu wengi hapa wameshindwa mtihani na bado wanakula magimbi.

Mama wa maandazi sitamwachia neno lolote. Umeshawatuma watu wengi mno wakusemee: mzee, bosi, msemaji, na sasa mimi. Jumamosi ikipita niandikie tena hapahapa gazetini, lakini barua isiyo na jina lako juu ya bahasha sitaifungua.